61 Cygni: nyota hafifu ya rangi ya chungwa iliyopimwa umbali

Ukiwa Dar es Salaam katikati ya Septemba, mnamo saa nne usiku, geukia kaskazini utafute Deneb, nyota angavu kuliko zote katika kundinyota la Dajaja (Cygnus). Deneb na nyota mbili nyingine za kundi hilo, Sadr na Epsilon Cygni, ni pembe tatu za msambamba. Pembe ya nne ndipo ilipo 61 Cygni. Mwanga wake ni wa daraja la 5 (namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu zaidi), kwa hiyo taa za mji huimeza kabisa. Toka nje ya mji, na darubini yako ya macho mawili uiegemeze ukutani, maana mkono ukitikisika nyota hii haigawanyiki. Ikitulia utaona vitone viwili vya rangi ya chungwa, kimoja kikimzidi mwenzake kidogo kwa mwanga.

Ni nyota mbili zinazozungukana, mzunguko mmoja ukichukua zaidi ya karne sita. Rangi inatokana na joto la uso: kama kelvini 4,400 na 4,000, wakati Jua letu lina 5,770 hivi. Wengi hudhani nyota hafifu lazima iwe mbali. Hii iko miaka ya nuru 11.4 tu, ni jirani kabisa! Uhafifu ni wake mwenyewe: zote mbili kwa pamoja hutoa takriban thumuni ya mwanga wa Jua unaoonekana kwa macho. Jua lingewekwa pale, lingekuwa la daraja la 2.5, na tungeliona bila shida.

Mwanaastronomia Friedrich Bessel, kule Königsberg, Prusia, alipotaka kupima umbali wa nyota hakuichagua hii kwa mng'ao. Aliichagua kwa sababu inahama angani upesi, sekunde za tao 5.2 kwa mwaka (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii), akaona kitu kiendacho kasi hivyo huenda kiko karibu. Uamuzi huo naustahi sana. Mwaka 1838 alitangaza paralaksi yake, yaani pembe ya kuyumba kwake angani Dunia inapolizunguka Jua, ambayo hutupa umbali: takriban theluthi ya sekunde ya tao. Vipimo vya sasa vinasema 0.286. Pembe hiyo ni sawa na upana wa sarafu ya sentimita 2.5 ikitazamwa kutoka kilomita 18, naye aliipima kwa jicho kupitia teleskopu. Huo ndio umbali wa kwanza wa nyota ulioaminika.

Mwenye teleskopu ndogo namshauri achore jozi hii pamoja na nyota za nyuma yake, aandike tarehe, kisha achore tena baada ya miaka sita. Itakuwa imehama umbali sawa na nafasi iliyopo kati ya nyota zake mbili.