Grini kadi ya miaka miwili: zile siku 90 huhesabiwa kutoka wapi?

Je, wajua kwamba tarehe ya harusi haitumiki kabisa katika kuhesabu ni lini uombe kuondolewa masharti kwenye grini kadi uliyoipata kwa ndoa? Wapo wanaohesabu miaka miwili tangu siku ya nikahi au siku ya kanisani. Wapo wanaongoja kadi iishe kwanza ndipo wahangaikie mpya. Wapo pia wanaoamini kuwa siku 90 ni muda wa nyongeza anaopewa mtu baada ya kadi kwisha. Zote tatu ni hesabu potofu, na hizo mbili za mwisho zinaweza kumtoa mtu katika ukazi halali wa Marekani huku yeye akiendelea kwenda kazini bila kujua.

Jibu ni hili. Mume na mke hupeleka kwa pamoja Fomu I-751, ambayo ndiyo ombi la kuondolewa masharti, nayo inatakiwa ifike ndani ya siku 90 zinazotangulia tarehe ya kwisha iliyochapwa kwenye kadi. Wanaolazimika kuipeleka peke yao wana utaratibu mwingine, nitaufikia.

Masharti haya, yaani ukazi wa miaka miwili unaokoma usipoomba yaondolewe, hayakuwepo zamani. Yaliletwa na sheria dhidi ya ndoa za udanganyifu iliyotiwa saini na Rais Ronald Reagan tarehe 10 Novemba 1986. Kabla yake, aliyeolewa au kuoa Mmarekani alipata ukazi kamili mara moja. Bunge lilielezwa wakati huo kuwa karibu asilimia 30 ya maombi ya ndoa yalikuwa ya kutiliwa shaka. Baadaye ilikuja kukubalika mahakamani kwamba uchunguzi uliozaa takwimu hiyo haukufuata kanuni za kitakwimu, kwa hiyo asiichukue mtu kama kipimo cha ndoa za wahamiaji. Sheria yenyewe ilibaki.

Sasa tuje kwenye mkanganyiko wenyewe. Sheria ina vipindi viwili vya miaka miwili, na watu huvichanganya.

Cha kwanza ni umri wa ndoa. Hiki huangaliwa mara moja tu, siku mtu anapopata ukazi. Siku hiyo ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili, ukazi unatolewa kwa masharti na kadi inakuwa ya miaka miwili. Ikiwa imeshatimiza, mtu anapata kadi ya miaka kumi na habari ya masharti haimhusu. Baada ya hapo umri wa ndoa hauulizwi tena katika hesabu ya siku. Ndoa itatimiza miaka miwili, mitatu, minne, na masharti hayatajiondoa yenyewe.

Cha pili ni umri wa ukazi, na hiki ndicho kinachotawala zile siku 90. Anayejua eda ya mjane wa Kiislamu hatapata tabu kukielewa. Eda ile ya miezi minne na siku kumi haihesabiwi tangu siku ya ndoa wala tangu siku ya mazishi. Inahesabiwa tangu mume alipokata roho. Hata akiwa amefia safarini na habari zikamfikia mke wiki tatu baadaye, kwa kauli ya wanazuoni wengi zile wiki tatu zimo ndani ya hesabu. Wala hakuna anayeuliza walikaa pamoja miaka mingapi. Miaka miwili ya ukazi huenda vivyo hivyo: inaanza siku ukazi ulipopatikana. Kadi yenyewe huja kwa posta baadaye, na kuchelewa kwake hakusogezi mwanzo wa hesabu hata kwa siku moja.

Siku hiyo ni ipi? Kwa aliyepewa viza ya uhamiaji ubalozini, tuseme Nairobi, ni siku aliyogongewa muhuri alipoingia Marekani. Siku ya mahojiano siyo, na siku viza ilipochapwa siyo. Kwa aliyebadilishiwa hadhi akiwa tayari ndani ya Marekani, ni siku ombi lake lilipokubaliwa. Kadi huonyesha tarehe hiyo upande wa mbele, pamoja na tarehe ya kwisha. Ina pia alama ya kundi: CR1 au CR6 ni ya wenye masharti waliokuja kwa ndoa, IR1 au IR6 ni ya wasio nayo.

Kutokana na hilo kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Chukua mke aliyefungishwa ndoa Mombasa tarehe 12 Mei 2023, akapata viza mwezi Aprili 2025. Kwa kuwa ndoa ilikuwa bado haijafikisha miaka miwili, viza ilichapwa CR1. Akitua Marekani tarehe 5 Mei 2025, anaingia na masharti. Akisubiri akatua tarehe 13, ndoa imeshavuka miaka miwili na anastahili kadi ya miaka kumi, ilimradi amkumbushe ofisa wa uwanja wa ndege kuangalia tarehe ya ndoa na kumbadilishia kundi. Wiki moja ya kungoja, ikiwa viza bado ina muda, inamwondolea kazi yote ninayoieleza hapa. Ni vizuri abebe cheti cha ndoa mkononi, asikifungie kwenye sanduku la mizigo.

Kwa aliyekwisha pata kadi ya miaka miwili, kazi inayobaki ni kuhesabu siku, na hapo kuna mitego miwili. Mtego wa kwanza ni namna Wamarekani wanavyoandika tarehe. Wao hutanguliza mwezi. Kadi iliyoandikwa 07/10/26 inaisha tarehe 10 Julai 2026. Mtu aliyezoea uandishi wetu ataisoma 7 Oktoba 2026. Akihesabu siku 90 kurudi nyuma kutoka hapo, anafika tarehe 9 Julai, na atajipangia kuanza kukusanya makaratasi siku hiyo akiamini ana miezi mitatu mbele yake. Kumbe kadi inakwisha kesho yake. Soma tarehe hiyo mara mbili, kisha mwombe mwenzako naye aisome.

Mtego wa pili ni kudhani siku 90 ni miezi mitatu. Kwa kadi hiyohiyo ya 10 Julai 2026, anayerudi nyuma miezi mitatu anatua tarehe 10 Aprili. Ukihesabu siku mojamoja, siku ya tisini ni 11 Aprili. Tofauti ni siku moja tu, lakini siku moja inatosha kuifanya fomu ionekane imewahi, na fomu iliyowahi inaweza kurudishwa kama ilivyokwenda, pamoja na malipo yake. Kwa kadi nyingine tofauti huwa siku mbili. USCIS, idara ya Marekani inayoshughulikia uraia na uhamiaji, ina kikokotoo kwenye tovuti yake: unaingiza tarehe, kinakupa siku ya kwanza ya kupeleka. Kitumie hata kama una uhakika na hesabu yako.

Na tarehe inayohesabika ni ile fomu iliyopokelewa na idara, siyo ile uliyoipeleka posta. Katika mfano wetu, 11 Aprili 2026 ni Jumamosi, kwa hiyo bahasha ipangwe ifike kuanzia Jumatatu tarehe 13. Upande wa mwisho, usipange ifike tarehe 10 Julai yenyewe. Sheria inazungumzia siku zilizo kabla ya kutimia miaka miwili, na bahasha huchelewa. Mimi ningeshauri wiki mbili au tatu za mwanzo wa kipindi, ili fomu ikirudishwa kwa kukosa saini au kwa ada isiyo sahihi, kuwe na nafasi ya kuituma tena. Ada imekuwa dola 750 tangu 1 Aprili 2024, nayo hubadilika, basi ihakikishe wiki ileile unayotuma.

Kwa nini ukali wote huu kwa tarehe ya kadi? Kwa sababu kadi mbili zinazofanana kwa sura hazifanani kisheria. Mwenye kadi ya miaka kumi, kadi ikiisha, kilichoisha ni kile kipande cha plastiki. Ukazi wake uko palepale, naye huomba kadi mpya kwa Fomu I-90. Mwenye kadi ya miaka miwili, ikiisha bila I-751 kupokelewa, ukazi wenyewe ndio umekoma. Hawezi kuihuisha kwa I-90. Idara inaweza kumwita mbele ya jaji wa uhamiaji, na ruhusa yake ya kufanya kazi imekwenda na ukazi wake. Hata ndoa iwe ya kweli kabisa, na watoto wanne ndani ya nyumba, kutopeleka fomu kunatosha.

Sheria inaitaka serikali imkumbushe mkazi kipindi kinapokaribia. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba kukosa taarifa hakubadilishi chochote katika utekelezaji wake. Asiyeona barua hana utetezi hapo, sembuse aliyehama nyumba bila kutoa anwani mpya, jambo analotakiwa kulifanya ndani ya siku 10.

Aliyechelewa naye asikae kimya kwa hofu. Fomu ya pamoja inaweza kupokelewa baada ya muda ikiambatana na maelezo ya maandishi yenye sababu nzito na uthibitisho wake: kulazwa hospitali, ugonjwa wa muda mrefu, msiba wa karibu, kujifungua kwenye matatizo. Hakuna idadi ya siku za kuchelewa iliyotajwa kuwa inasameheka, kwa hiyo kila siku inayoongezeka inadhoofisha maelezo. Hapo wakili wa uhamiaji anahitajika kweli, siyo rafiki aliyewahi kujaza fomu yake mwenyewe.

Sasa wale wanaopeleka peke yao. Zile siku 90 ni za ombi la pamoja tu, na nasisitiza hili kwa sababu kutolijua kumewafunga watu, hasa wanawake, kwenye nyumba zenye mateso. Mtu ambaye ndoa yake ya kweli imevunjika kwa talaka, au ambaye yeye au mtoto wake alipigwa au kufanyiwa ukatili uliopita kiasi, anaweza kuomba asihitajiwe saini ya mwenzi wake. Njia hiyo iko pia kwa anayeweza kuonyesha kuwa kuondolewa Marekani kungemletea taabu kubwa isiyo ya kawaida. Aliyefiwa na mwenzi wake naye hupeleka peke yake. Wote hawa hawana haja ya kungoja mwaka wa pili ukaribie. Wanaweza kupeleka wakati wowote baada ya kupata ukazi wenye masharti. Kipengele cha waliopigwa hakikuwemo katika sheria ya 1986. Kiliongezwa mwaka 1990, baada ya kudhihirika kuwa saini ya pamoja ilikuwa imempa mwenzi mmoja fimbo ya kumpigia mwingine. Mume anayesema, "Ukiondoka hapa nitakufutia makaratasi," hana uwezo huo.

Kwa talaka, idara hutaka hati ya mwisho ya talaka. Kutengana vyumba hakutoshi, na talaka iliyotamkwa sebuleni mbele ya wazee bila hati yoyote itamtia mtu matatizoni.

Ushahidi wa ndoa ya kweli ni habari ndefu, nitagusa moja tu. Wanandoa wengi wa kwetu hawana akaunti ya pamoja. Mmoja analipa kodi ya nyumba, mwingine anatuma pesa kwa mama mkwe kwa M-Pesa, na maisha yanakwenda. Ofisa hawezi kuyaona maisha hayo kama hayako kwenye karatasi. Basi mkataba wa nyumba wenye majina mawili, kodi ya mapato mliyojaza pamoja, bima na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vianze kuwekwa faili moja tangu mwezi wa kwanza, siyo mwezi wa ishirini na moja.

Mtoto aliyepata ukazi wenye masharti siku moja na mzazi wake, au ndani ya siku 90 baada yake, huingizwa kwenye fomu ya mzazi. Aliyekuja baada ya hapo anahitaji fomu yake.

Fomu ikishapokelewa, idara hutuma risiti. Tangu Januari 2023, risiti ya I-751 inarefusha kadi kwa miezi 48 kutoka tarehe ya kwisha. Risiti hiyo na kadi iliyoisha hutumika pamoja, kwa mwajiri na kwa safari, na karatasi halisi ndiyo ya kubeba unapokwenda likizo nyumbani. Nakala iliyopigwa picha kwa simu huweza kukataliwa kaunta ya ndege.

Miezi 48 ni mingi, na ndani yake wengi hufikia haki ya kuomba uraia. Aliye kwenye ndoa na raia, na wakiwa bado wanaishi pamoja, anaweza kuomba baada ya miaka mitatu ya ukazi, na fomu ya uraia hupokelewa hadi siku 90 kabla ya miaka hiyo kutimia. Muda aliokaa na masharti unahesabiwa wote. Ila ombi la uraia halichukui nafasi ya I-751. Likikuta I-751 haijaamuliwa, ofisa huamua masharti kwanza, mara nyingine katika mahojiano yaleyale, ndipo aguse uraia.