Denja zoni ni nini? Ile 5 mpaka 60 wanayofundishwa wapishi wa hospitali

Ukikaa kwenye semina ya wapishi wa hospitali, chai ya saa 4 haijafika utakuwa umeshasikia neno denja zoni mara kumi. Watu wanaliandika kwenye daftari, wanapiga mstari chini yake, wanarudi kazini, na jioni sufuria la maharage linalala mezani kama lilivyolala jana. Sio ubishi. Wengi wetu tunaamini mafunzo ya usafi wa chakula ni habari ya sabuni, kofia ya nywele, kucha fupi na aproni nyeupe, na kweli vyote hivyo vinatakiwa, ila jiko linaweza kung'aa mpaka ukajiona sura kwenye vigae na bado likaharisha wodi nzima.

Basi tuanze na maana yenyewe. Denja zoni, au ukanda wa hatari, ni joto la chakula kuanzia nyuzi 5 mpaka 60 za sentigredi. Humo ndimo bakteria wanazaana. Chini ya 5 wengi wao wanasinzia tu, hawafi (na listeria hata kusinzia hasinzii vizuri, anaendelea kuzaana taratibu humohumo kwenye friji). Juu ya 60 kuzaana kunasimama, na ukitaka kuwaua chakula kifike 70 mpaka katikati ya nyama, sio pembeni kwenye mchuzi unaochemka. Hizo ni namba za Shirika la Afya Duniani, wengine wana za kwao kidogo tofauti, Waingereza kwa mfano wanataka chakula cha moto kisishuke 63, lakini wazo ni lilelile.

Na ukanda huu una mwenzake anayesahaulika, muda. Chakula kilichopikwa kisikae humo zaidi ya masaa 2. Kwa nini 2? Bakteria wakikuta joto zuri, chakula na unyevu, wanaweza kujigawa mara mbili kila dakika 20. Chukua mmoja tu. Baada ya masaa 2 wako 64. Masaa 4, 4,096. Masaa 6, wanapita 262,000, na huyo tulimwanzisha mmoja, wakati kijiko kilichoshikwa na mkono ambao haukunawa vizuri hakileti mmoja. Joto wanalolipenda wengi wa hawa wanaotuumiza ni karibu na 37, yaani lile la mwili wako. Sasa Dar mchana ni 30 na kitu, pembeni ya majiko ni zaidi, kwa hiyo wali ukiuacha mezani "upoe kwanza" umeupeleka moja kwa moja wanakotaka wao.

Mfano ninaoupenda kuwapa watu ni sahani ya mgonjwa wa thieta. Chakula cha mchana kinafika wodini saa 7, mama wa kitanda cha dirishani ameingia thieta, nesi au ndugu kwa huruma kabisa anaifunika sahani yake na sahani nyingine anaiweka kwenye kabati la pembeni ya kitanda. Saa 12 jioni mama ameruhusiwa kula, ana njaa, anafunuliwa wali na nyama. Hakuna aliyefanya uchafu hapo! Mikono ilinawiwa, vyombo vilikuwa safi, ila sahani imekaa masaa 5 katikati ya denja zoni na anayeila ana mshono tumboni.

"Si tunaipasha?" Hili swali linaulizwa kila mara, na jibu lake ndo linafanya somo zima liwe na maana. Kupasha kunaua bakteria wengi, sawa, lakini baadhi yao wakishazaana vya kutosha wanaacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haijali moto wako. Kuna mmoja wa kwenye wali, Bacillus cereus: mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, wali ukikaa uvuguvugu zinaamka, zinazaana, zinatoa sumu ya kutapisha ambayo hata ukiukaanga tena wali wenyewe haiondoki. Mwingine ni stafilokokasi, huyo anakaa puani na kwenye vidonda vya vidole vyetu, na sumu yake pia inavumilia kuchemka. Kwa hiyo wanaposema mpishi mwenye kidonda afunge plasta na avae glavu juu yake hawamwonei.

Kisa kinachotajwa sana kwenye somo hili ni cha Uingereza, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Stanley Royd mjini Wakefield, Agosti 1984. Nyama ya ng'ombe ilipikwa, ikaachwa nje ya friji kwa masaa mengi, msimu wa joto, kisha ikaliwa ikiwa baridi. Bakteria mwenyewe ni salmonela. Watu zaidi ya 400 wakaugua, wagonjwa 19 wakafa. Na kilichowaudhi watu zaidi ni kwamba hospitali za serikali wakati huo zilikuwa na kinga, huwezi kuzishtaki kwa sheria za chakula kama unavyoshtaki mgahawa wa mtaani! Uchunguzi ukafanyika, na sheria ya kuondoa kinga hiyo ikapitishwa 1986. Angalia vizuri kosa lilikuwa wapi: nyama, meza, masaa.

Halafu hospitali sio sawa na mgahawa. Chakula kilekile akila dereva wa bodaboda ataendesha tumbo siku moja na kesho yuko kijiweni. Akila mzee wa figo, mtoto, mjamzito, mtu wa dawa za saratani au anayemeza dawa za kupunguza asidi ya tumbo (asidi ile ni askari wa getini, ukiipunguza geti liko wazi), mambo ni mengine kabisa.

Watu huuliza pia, sasa wapishi kupimwa afya na kupeleka choo maabara ni ya nini kama ishu ni joto? Ni vitu viwili vinavyosaidiana. Vipimo vinajaribu kumzuia mdudu asiingie jikoni, denja zoni inahusu akishaingia. Mpishi Mary Mallon wa New York hakuwahi kujisikia mgonjwa, ila alikuwa amebeba taifodi, akakatazwa kupika, akabadili jina, na mwaka 1915 akakutwa anapika kwenye hospitali ya wazazi ya Sloane baada ya watu 25 kuugua na 2 kufa. Ukimwangalia usoni usingejua.

Turudi kwenye sufuria la maharage, maana hapo ndo tunaposhindwa wengi. Sufuria la lita 40 ukilizima saa 3 usiku ukalifunika na kulisukuma kwenye friji, asubuhi chomeka kipimajoto cha sindano katikati: pembeni baridi, katikati bado vuguvugu, na mfuniko ukiufunua unadondosha matone. Katikati pale kumekuwa denja zoni usiku kucha, ndani ya friji, na zaidi ya hapo umelipasha friji lote, maziwa ya watoto yamepata joto bure. Dawa yake ni kugawa. Mimina kwenye trei pana zisizo na kina, sentimita 5 hivi, au tumbukiza sufuria dogo kwenye sinki la maji ya barafu ukoroge, likishapoa ndo ufunike uweke friji. Inachosha, nakubali, hasa kwa mtu wa shifti ya jioni anayewahi daladala.

Na kipimajoto kipimwe chenyewe. Weka barafu iliyosagwa na maji kidogo kwenye kikombe, sindano isome 0. Msitumie maji yanayochemka mkiwa Mbeya au Nairobi, huko juu maji yanachemka kabla ya 100, utadhani kifaa kimeharibika ukitupe bure. Daftari la joto nalo, jamani, ukiona 65, 65, 65 tangu Jumatatu na kwa mwandiko mmoja, ujue kuna mtu anajaza akiwa amekaa.

Ile sahani ya thieta isihifadhiwe wodini. Nesi apige simu jikoni kwamba kitanda fulani hakijala, fungu lake libaki kwenye benmari (ile meza ya maji moto ya kutunzia joto la chakula) juu ya 60, au akirudi apikiwe uji mpya, dakika 20 tu. Na kama ni hotpoti ya ndugu kutoka nyumbani, waulizeni imefungwa saa ngapi, kwa sababu hotpoti haipashi chakula, inachelewesha tu kupoa, na ikishafunguliwa mara mbili tatu kuonjwa njiani inafika wodini ikiwa na 45.