Shokomzoba ya 90/10 haigawi uzito

Ukianza kutengeneza gari la zamani la mbio za robo maili hapa Mombasa, utashauriwa hivi: "Mbele funga 90/10, asilimia 90 ya uzito itahamia nyuma." Ushauri wa kufunga unaweza kuwa sawa. Sababu ndiyo si kweli hata kidogo.

90/10 ni mgawanyo wa upinzani wa shokomzoba yenyewe: sehemu 90 inapofinywa, 10 inaporefushwa. Pua ya gari hupanda kwa wepesi na hushuka kwa shida. Ya 50/50 hupinga sawasawa kwenda na kurudi. Basi, hakuna zaidi ya hapo kwenye maana.

Uzito haumo kwa sababu shokomzoba haibebi gari. Inayobeba ni springi. Shokomzoba ya mafuta hupinga mwendo tu. Gari likitulia, upinzani unakuwa sufuri. Anayebisha alipime gari kwenye mizani minne, mmoja kwa kila gurudumu, likiwa na 50/50, kisha afunge 90/10 alipime tena. Namba zitakuwa zilezile. Yenye gesi ndani huongeza msukumo kidogo, lakini hiyo ni kazi ya gesi, si ya 90/10.

Uzito unaohamia nyuma wakati wa kuondoka hupatikana hivi: uzito wa gari, mara mchapuko (kwa g, yaani ni mara ngapi ya mvuto wa dunia), mara urefu wa kitovu cha uzito kutoka chini, gawanya kwa umbali kati ya ekseli mbili. Chukua Chevrolet Camaro ya 1967 hadi 1969, yenye umbali wa mita 2.74. Tuseme ina kilo 1,400, kitovu kiko sentimita 50 juu ya lami, na inaondoka kwa mchapuko wa 1 g. Kilo 255 hivi zinahamia nyuma, shokomzoba iwe ya aina yoyote. Sasa pua ipande sentimita 10. Kitovu, kwa kuwa kiko karibu na katikati, kinapanda kama 5, na hesabu inafika kilo 281. Tofauti ni kilo 26. Hiyo ndiyo faida ya pua kusimama, na wale wanaopiga picha magari yakiwa yameinua magurudumu hawapendi kuisikia.

Sasa kwa nini watu wa robo maili waliipenda 90/10? Kwa mambo mawili. Kwanza, mwili wa gari unapopanda kwa kasi, tairi za nyuma hukandamizwa kwa ziada kwa muda mfupi, na huo ndio muda zinapohitaji kushika. Pili ni gia. Ukikanyaga klachi kuingiza ya pili, mvuto unakatika na pua inataka kuanguka. Sehemu ile ya 90 huizuia, kwa hiyo mvuto ukirudi gari halianzi kupanda upya.

Upande mbaya ni pale shokomzoba inapofika mwisho wa urefu wake kwa kishindo. Mwili uliokuwa ukipanda unasimamishwa ghafla, na kile kikandamizo cha nyuma kinageuka kuwa upungufu. Tairi zinateleza mita chache baada ya mstari, kisha analaumiwa fundi wa injini. Hapo ongeza upinzani wa kurefuka, au funga mkanda wa kuzuia pua isipande hadi mwisho.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha mikono ya sapensheni inacheza bila kukwama. Bolti za bushi za mpira zikazwe gari likiwa limekalia magurudumu yake. Ukizikaza likining'inia kwenye jeki, mpira utajipinda pindi gari linaposhushwa, utasukuma pua juu na kuchanika mapema. Alaimenti (mwelekeo wa magurudumu) nayo ipimwe mara mbili, kwenye urefu wa kawaida na pua ikiwa imeinuliwa, maana magurudumu yanaweza kugeuka yenyewe pua inapopanda. Kwa magari yenye springi iliyozunguka shokomzoba, kama Peugeot 504 na Datsun 1200, angalia kwamba springi haichomoki kwenye kiti chake gurudumu likining'inia, hasa kama mtu alishaikata. Na pwani hii chumvi hula ule mti unaong'aa wa shokomzoba. Ukiwa na vidonda vya kutu, sili itachanika na mafuta yatavuja, na hapo huna 90 wala 10.

Barabarani ni shida nyingine. Toka Nyali uelekee Bamburi: kila tuta linairefusha kwa wepesi, na kabla haijarudi unakutana na jingine. Pua inabaki juu, usukani unakuwa mwepesi. Gari la kwenda nalo kazini lipewe 70/30, au 50/50 kabisa.

Kwa hiyo dukani usitaje namba peke yake, kwa kuwa ikisomwa kinyume utapewa inayong'ang'aniza pua chini. Sema unataka ya mbele, inayorefuka kwa wepesi na kufinyika kwa ugumu, kisha ijaribu kwa mikono yako miwili hapohapo: ivute, halafu isukume.