Upambaji wa seti: jinsi chumba kinavyomtambulisha mhusika wa tamthilia

Tamthilia ya televisheni inapoanza kwa kuonyesha sebule isiyo na mtu, mtazamaji huanza kumjua mwenye nyumba kabla hajaingia. Viatu vimepangwa mstari mlangoni au vimetupwa ovyo. Vitabu vimechakaa kwa kusomwa, au vimesimama rafuni kama vilivyotoka dukani. Mbele ya televisheni pana kiti kimoja au sita. Kazi ya kuchagua vitu hivyo, kuvitafuta na kuviweka mahali pake ndiyo upambaji wa seti, yaani wa mahali palipoandaliwa kwa kurekodia, na anayeisimamia ni mpambaji wa seti.

Wengi humchanganya na msanifu wa seti. Msanifu huamua kuta zisimame wapi, mlango ufungukie upande gani na rangi zipi zitawale tamthilia nzima. Mpambaji huvipokea vyumba vikiwa kuta na sakafu tu, akavijaza fanicha, mapazia, taa, mazulia, picha na vyombo. Hawa wawili hufanya kazi bega kwa bega, ndiyo maana hata tuzo ya Oscar ya usanifu wa filamu hupewa wote wawili kwa pamoja. Upo pia mpaka kati ya mpambaji na watu wa vifaa vya kuigizia: kikombe kilichokaa rafuni ni cha mpambaji, lakini mhusika akikichukua na kunywea, kimeshahamia idara nyingine.

Kazi huanzia kwenye skripti, na skripti husema machache. Huenda imeandikwa tu: sebule ya mwalimu mstaafu, usiku. Mengine yote mpambaji anapaswa kuyauliza, kwa mwandishi, kwa mwongozaji, mara nyingine kwa mwigizaji mwenyewe. Huyu mwalimu anaishi peke yake tangu lini? Mapazia aliyachagua yeye au marehemu mkewe? Kipi alikinunua, kipi alipewa, na kipi hakipendi ila moyo unakataa kukitupa? Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo swali lenye uzito kuliko yote, kwa sababu nyumba ya mtu haijai kwa siku moja. Seti mbovu huumbuka hapohapo: kila kitu kina umri mmoja, kana kwamba lori lilishusha mzigo asubuhi ile. Rangi zaweza kupendeza, mito ikalingana na zulia, lakini hakuna anayeishi mle.

Basi mpambaji huchanganya vya zamani na vya sasa kwa makusudi, na kipya hukichakaza. Msasa hupitishwa ukingoni mwa meza pale viwiko vinapoegemea. Kitambaa cheupe huloweshwa kwenye chai ili kipoteze ung'avu. Rangi nyepesi ya kahawia hupakwa kuzunguka swichi ya taa, mahali mkono unapopapasa kila usiku. Na uchakavu huo lazima uwe na sababu: mkono mmoja wa kochi ukisuguka kuliko mwingine, mtazamaji anajua kuna mtu mwenye mahali pake.

Mfano ninaoupenda ni wa tamthilia ya vichekesho ya Kimarekani, Frasier, iliyoanza mwaka 1993. Frasier ni daktari wa magonjwa ya akili anayejivunia ladha yake. Sebule yake ina kiti maarufu kilichobuniwa na Charles na Ray Eames, kochi la rangi ya maziwa na piano kubwa. Katika sehemu ya kwanza kabisa baba yake, polisi mstaafu aliyejeruhiwa kazini, anahamia kwake, na kiti chake kinaletwa: kikuukuu, cha mistari, kimebandikwa utepe wa gundi palipochanika. Kinawekwa katikati ya umaridadi ule wote. Tangu siku hiyo ugomvi wa baba na mwana unaonekana hata wakiwa wamenyamaza. Angalia pia kwamba hakuna kiti kati ya hivyo viwili kilichokosewa. Kila kimoja kinampendeza mwenyewe, na mpambaji hakumcheka yeyote kati yao.

Kiti kinaweza hata kuwa kumbukumbu ya taifa. Kile cha Archie Bunker, baba mkaidi wa tamthilia ya All in the Family iliyoanza mwaka 1971, ambacho hakutaka mtu mwingine akikalie, kilipelekwa kwenye makumbusho ya Smithsonian mjini Washington mwaka 1978, pamoja na cha mkewe.

Kamera nayo ina masharti yake. Vitambaa vya mistari myembamba sana hucheza na kutetemeka kwenye skrini, vioo vya fremu hurudisha mwanga na kuonyesha wapiga picha, kwa hiyo huinamishwa kidogo au hutolewa kabisa. Picha za ukutani zinahitaji ruhusa ya wenye haki. Zile za familia hutengenezwa: waigizaji huombwa picha zao za utotoni, au huitwa mapema wapigwe picha ya harusi ambayo hadithi haitaionyesha kamwe.

Kinachoitofautisha tamthilia na filamu ni muda. Seti kuu hutumika msimu baada ya msimu, na mhusika anabadilika, kwa hiyo chumba kibadilike naye, polepole. Aliyeachika huondoa vitu viwili vitatu kwanza, wala hahamishi nyumba nzima. Aliyepata pesa hununua televisheni kubwa kabla ya kukumbuka pazia lililochanika. Mabadiliko haya huandikwa na kupigwa picha, kwa sababu matukio hayarekodiwi kwa mpangilio wa hadithi: asubuhi huenda kikarekodiwa chumba kabla ya talaka, na mchana chumba hichohicho baada yake. Msimu ukiisha, kila kitu hupewa lebo na kuhifadhiwa ghalani, na picha zake zikatunzwa, ili tamthilia ikirudi kila kijiko kirudi kwenye droo yake.