Fedha iko kwenye fiksa, usiimwage

Kila nikiingia chumba cha giza cha hospitali ambayo bado inasafisha filamu za eksirei kwa dawa, swali langu la kwanza ni moja: fiksa, ile dawa ya kuimarisha picha kwenye filamu, ikichoka mnaipeleka wapi? Mara nyingi mwenyeji wangu hunionyesha sinki. Moyo huniuma, kwa sababu najua kilichopita hapo.

Nikisema fedha nina maana ya madini, ile ambayo masonara wengi wanaiita silva. Filamu imepakwa jelatini yenye chembe za bromidi ya fedha. Chembe zilizopigwa na mionzi, devalopa (dawa ya kutokeza picha) huzigeuza kuwa fedha nyeusi, na hiyo ndiyo picha anayoisoma daktari. Zile ambazo hazikuguswa lazima zitoke, la sivyo filamu itakuwa nyeusi ikifika kwenye mwanga. Kuzitoa ni kazi ya fiksa: thayosalfeti iliyomo huzishika na kuziyeyusha. John Herschel aliieleza tabia hiyo mwaka 1819, miaka 20 kabla ya upigaji picha kutangazwa kwa umma. Kwa hiyo fedha inayotoka huishia kwenye fiksa, na devalopa haina fedha ya maana. Weka madumu mawili tofauti na uyaandike.

Fiksa ya eksirei iliyochoka sawasawa mara nyingi ina gramu 3 hadi 8 za fedha kwa lita. Dumu la lita 20 lenye gramu 5 kwa lita limebeba gramu 100. Lakini sisemi haya kwa ajili ya kipato peke yake. Fedha iliyo huru majini ni sumu kali kwa samaki na mwani. Marekani taka ikifikisha miligramu 5 za fedha kwa lita huhesabiwa kuwa ya hatari, na dumu letu lina mara elfu moja ya hiyo.

Njia ninayoitumia ni umeme. Bamba la stenlesi ni kathodi (upande hasi), fimbo ya grafaiti ni anodi (upande chanya), umeme ni wa mkondo mnyoofu, kama wa betri, usiozidi sana volti moja au mbili, na lazima kuwe na kitu cha kukoroga muda wote. Hesabu yake haibadiliki: ampea 1 ikipita kwa saa 1 huleta gramu 4 za fedha, basi. Kwa ampea 2, gramu zako 100 zinahitaji saa 12 na nusu hata kama hakuna kinachopotea, na kila mara kuna kinachopotea.

Hapo ndipo watu wanapoharibu, na mimi niliharibu. Katika dumu langu la kwanza nilipandisha umeme ili nimalize kabla ya asubuhi. Nilipofungua mlango nilipokewa na harufu ya mayai viza, na kwenye bamba kulikuwa na tope jeusi linaloteleza. Umeme ukizidi fedha inayofika kwenye bamba, unaanza kuivunja thayosalfeti yenyewe, salfaidi inazaliwa, na fedha yako inakuwa salfaidi ya fedha, ambayo kuirudisha ni kazi ngumu zaidi. Tangu siku hiyo pua yangu ni kipimo: nikisikia hata dalili ya harufu hiyo, napunguza umeme. Na kadiri fedha inavyopungua kwenye fiksa, umeme nao lazima ushuke. Fedha nzuri hushika bamba ikiwa na rangi ya maziwa au kijivu hafifu, na hubanduka kama magamba.

Umeme hauimalizi yote. Mabaki nayapitisha polepole kwenye ndoo ya nyuzi laini za chuma, zile za kusugulia masufuria, lakini ziwe za aina inayoshika kutu. Za stenlesi hazifai. Chuma kinayeyuka, fedha inakaa mahali pake. Kisha nachovya kipande cha shaba kilichosuguliwa. Kikitoka na utando wa kijivu, fedha bado ipo.

Wapo wanaomimina salfaidi ya sodiamu ili fedha ishuke chini kwa haraka. Mimi nakataa kabisa kufanya hivyo ndani ya jengo. Fiksa nyingi zina asidi, na salfaidi ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua. Vilevile usiitie fiksa dawa ya klorini wala asidi kali.

Magamba nayaosha, nayakausha, naandika uzito na tarehe ya dumu, halafu nampelekea sonara. Yeye huyayeyusha na boraksi, unga unaosaidia kutenga uchafu, kwenye joto la nyuzi 962 za Selsiasi, na mara nyingi mimi husimama pembeni nikisubiri donge lipoe ili nilipime tena.