Mbengali akiongea Kiingereza, mkazo anauweka wapi?

Kila nikifundisha fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha, kuna mwanafunzi ataniambia Wabengali wanakosea mkazo wa Kiingereza, basi. Mi naona tunawaonea, maana mara nyingi mkazo wameuweka ila sikio letu ndo linautafuta kwingine.

Kibengali, iwe cha Dhaka au cha Kolkata, kwa kawaida kinakazia silabi ya kwanza ya neno. Na mkazo haubadilishi maana, yaani hawana kitu kama barabára ya magari na barábara ya sawasawa, kwa hiyo mtu aliyekulia humo akikutana na "development" anaweza kusema DE-velopment, "hotel" ikawa HO-tel (Mwingereza zote mbili anazikazia silabi ya pili), na "record" ya nomino na ile ya kitenzi zote zikatoka vilevile.

Sasa njoo kwenye sauti kupanda na kushuka, hapa ndo penye utamu. Mwingereza akikazia silabi mara nyingi sauti inapanda palepale. Mbengali anaishusha! Silabi yenye mkazo inakaa chini halafu sauti inapanda taratibu mpaka mwisho wa kifungu cha maneno, jambo ambalo wanaisimu Bruce Hayes na Aditi Lahiri walilichambua vizuri sana mwaka 1991. Akiingia na mtindo huo kwenye Kiingereza, msikilizaji wa London anafuata pale sauti ilipopanda, anasikia mkazo mwishoni, kumbe mwenzie kauweka mwanzoni.

Ndo maana kumwambia tu "kazia silabi ya pili" hakusaidii sana, atakazia kweli lakini kwa namna ya kwao.

Kingine ni irabu. Kiingereza kinameza irabu za silabi zisizo na mkazo, Kibengali hakimezi, kila irabu inapewa haki yake kama tunavyofanya sisi kwenye Kiswahili. Chukua "photographer": Mbengali anatamka "o" ya kwanza na "a" kamili kabisa, zinashindana na ile silabi ya pili inayotakiwa kusikika.

Kwa hiyo mimi siku hizi naanza na kumeza. Namwambia mwanafunzi zile silabi za pembeni zifupishe mpaka zikaribie kupotea, "tog" ya katikati ivute kidogo, mambo ya kupandisha sauti tuyaache kwanza. Akishazoea hivyo ndo tunarudi kwenye sauti, tena kwa sentensi nzima, kwa sababu neno mojamoja halimwonyeshi kile kifungu kinavyomvuta kupanda mwishoni.