Mshale Mmoja wa Asubuhi: Dhana Potofu Kuhusu Nidhamu ya Mwindaji wa Upinde

Hapa Ohio, Marekani, msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde hufunguliwa mwishoni mwa Septemba na kuendelea hadi mwanzoni mwa Februari. Kabla haujafunguliwa, simu zinaanza kuita. Wengine ni ndugu wa nyumbani wanaoshangaa, wengine ni Waswahili wenzangu wa hukuhuku wanaotaka kujifunza. Maswali yao nayajibu yote, tena kwa makini, kwa sababu mwindaji akikosea, mnyama ndiye anayeumia. Kulungu ninayemsema hapa ni yule wa mkia mweupe, jamii ya ayala wa kwenye Zaburi. Pembe za dume huanguka kila mwaka zikaota nyingine, jambo ambalo kulungu wa misitu ya kwetu hana.

"Mshale una sumu, popote utakapompata atakufa"

Wanaosema hivi wanawafikiria Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao kweli hupaka sumu ya mimea kwenye mishale ya wanyama wakubwa. Sisi hatutii sumu. Kigumba cha mshale wetu ni wembe mtupu, na kinaua kwa kukata mapafu, moyo na mishipa mikubwa, basi. Sehemu hiyo, nyuma kidogo ya bega, haizidi upana wa sahani ya wali. Ukipiga kifuani, kulungu huanguka ndani ya dakika chache. Ukipiga tumboni, atateseka kwa saa nyingi. Nidhamu yote ninayoieleza hapa chini inatokana na ukubwa wa sahani hiyo.

"Piga mishale mia kila Jumamosi, utakuwa hodari"

Hii niliiamini miaka miwili, na iliniharibu. Mabega yakishachoka, mkono huanza kujifunza makosa. Zaidi ya hapo, mishale mia inakuzoesha kuwa kuna wa pili wa kusahihisha wa kwanza, na msituni wa pili haupo.

Siku hizi napiga mmoja. Naamka, natoka nyuma ya nyumba na koti la kuwindia mwilini, misuli bado imelala, nasimama mita 18 kutoka kwenye shabaha, navuta, naachia. Halafu naandika kwenye daftari: umepiga wapi, upepo ulikuwaje, pumzi ilikuwaje. Jioni nikipata nafasi naongeza kumi, polepole. Daftari halinibembelezi. Ndilo lililonionyesha kwamba asubuhi za baridi mishale yangu ilikuwa ikienda kushoto, kwa sababu mkono wa koti ulikuwa unagusa upote, yaani kamba ya upinde. Sasa mkono huo naufunga kwa kamba.

Kuna ugonjwa mmoja unaowapata wapiga upinde wengi: nukta ya kulengea ikigusa tu shabaha, kidole chenyewe kinabana kifyatulio, kile kifaa kinachoshika upote na kuuachia, kabla hujaamua. Ulinipata. Dawa yake haikuwa kukaza moyo. Nilisimama hatua tatu mbele ya robota la nyasi, nikafumba macho, nikavuta kwa misuli ya mgongo mpaka mshale ukaniponyoka bila kuungoja. Nilifanya hivyo wiki tatu nzima bila kulenga kitu chochote. Ilichosha, na ilinifaa.

"Upinde wa kisasa unaua hata mita 60"

Upinde wa kapi, wenye vigurudumu kwenye ncha zake, uliobuniwa na Holless Wilbur Allen wa Missouri na kupata hataza mwaka 1969, una nguvu za kutosha. Tatizo ni masikio ya kulungu. Mshale huenda mita 80 hadi 90 kwa sekunde. Sauti ya upote huenda kama 340. Kulungu akiisikia hujiinamisha ili apate nguvu ya kuruka, na mshale unapita juu ya mgongo au, vibaya zaidi, unampata pasipotakiwa. Katika mita 18 mshale huchukua kama moja ya tano ya sekunde. Katika mita 45 huzidi nusu sekunde, na kulungu haihitaji yote hiyo.

Mpaka wangu ni mita 25. Niliuweka Agosti, akili ikiwa imetulia, na ndiyo siri yake: Novemba, madume yanapofukuza majike na moyo unapiga ngoma, si wakati wa kupanga mpaka. Mwaka jana dume mwenye pembe za matawi manane alisimama mita 35, ubavu wazi. Upinde nilikuwa nimeshauvuta. Niliurudisha taratibu, mikono ikitetemeka, nikamwangalia akienda zake.

"Nguo za kuzuia harufu zinatosha"

Hazitoshi. Angalia upepo. Jioni hewa hupoa na kuteremka bondeni, ikibeba harufu yako. Upepo ukiwa mbaya siendi kwenye ulingo, yaani jukwaa la mtini ninapokaa kuvizia, hata kama ndiyo Jumamosi pekee niliyopewa kazini.

"Ulingo wenyewe mita tano tu, mikanda ya nini?"

Kuanguka kutoka kwenye ulingo ni miongoni mwa ajali kubwa zinazowaumiza wawindaji wa kulungu Marekani. Vaa mikanda ya mwili mzima, uifunge kwenye kamba ya mtini ukiwa bado chini, si ukishafika juu. Mimi niliteleza kwenye kipandio chenye barafu alfajiri moja. Nilining'inia, nikapumua, nikashuka, nikaenda nyumbani kwa watoto wangu.

"Ukishampiga, mkimbilie"

Usimkimbilie! Aliyejeruhiwa akifukuzwa huenda mbali, na damu inapotea. Natazama saa, nasubiri nusu saa bila kushuka, kisha nauendea mshale na kuusoma. Damu ya waridi yenye mapovu ni ya mapafu, naanza kufuata alama. Ukiwa na majani yaliyosagwa na harufu ya tumbo, naondoka kimyakimya kwa njia niliyojia, na saa sita au zaidi zikipita narudi na taa, nikitembea hatua moja kwa kila tone.